Nimesimama, Tajiri Anasema Nimejitia Kitanzi

MUULIZE MWALIMU WA UDEREVA

Barua za mwezi huu karibu zote zina shina moja: vyombo vimegusana, hakuna aliyekufa, sasa dereva afanye nini? Nimechagua nne. Ya kijana wa viazi nimeipa nafasi kubwa kuliko zote, wengine mtaniwia radhi; humo ndani kuna mambo ambayo naulizwa kila wiki darasani na hata msibani.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa kirikuu, nabeba viazi kutoka Ntokela kuleta Mwanjelwa. Gari ni la tajiri mmoja wa Uyole, mimi ananilipa mshahara wa mwezi. Jumanne iliyopita asubuhi nilifika Mafiati nikaikuta bajaji mbele yangu upande wa kushoto, imepunguza mwendo ishushe abiria. Nikaanza kuipita. Lori likatokea mbele, nikarudi kushoto kabla sijaimaliza. Kona ya bodi ikaikwaruza ubavuni, indiketa ikavunjika na bomba linaloshika turubai likapinda. Hakuna aliyeumia. Utingo wangu akasema, "Kanyaga, mkwaruzo tu huo." Mimi nikasimama, nikampa mwenye bajaji jina langu na namba ya simu. Mara bodaboda wakajaa, kelele nyingi, mmoja akachana karatasi ya daftari, nikaandika walivyonisomea: "Mimi dereva wa kirikuu nakubali nimemgonga mwenzangu kwa kosa langu na nitamlipa shilingi 180,000 kabla ya Ijumaa, nisipolipa hatua kali zichukuliwe." Nikasaini, utingo akasaini kama shahidi. Tajiri aliposikia aliwaka. Anasema nani alinituma nisimame, kwamba kwa kusimama nimekiri kosa na nimejitia kitanzi, na hela yote ataikata kwenye mshahara wa mwezi huu. Je, nilikosea kusimama? Na ile karatasi inanibana? – Dereva wa viazi, Uyole*

Marahaba, mwanangu. Kusimama hukukosea hata kidogo. Ulikuwa wajibu wako, na anayekosea hapo ni tajiri.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, imekuwapo tangu mwaka 1973, na inamhusu tajiri wako kama inavyokuhusu wewe. Haisemi dereva mwenye kosa asimame. Inasema pakitokea ajali kwa sababu ya gari kuwapo barabarani, na ajali hiyo ikaleta madhara kwa mtu, chombo kingine, mnyama au mali, dereva asimame. Hapo bado hajaulizwa mtu nani kamkosea nani. Hata kama bajaji ndiyo ingekuingilia wewe, ungesimama, na yeye angesimama. Suala la nani alikosea lina wakati wake na lina watu wake: trafiki, kampuni ya bima, na ikibidi hakimu. Kusimama hakujibu swali hilo hata kwa herufi moja.

Sasa kaa kijiweni pale Kabwe nusu saa tu. Utasikia madereva wazima, watu wenye leseni za daraja E na familia zinazowategemea, wakipeana ushauri kwamba ukisimama umekubali. Nimeusikia ushauri huo tangu enzi zile naendesha semi kwenda Tunduma, na sijawahi kukutana na aliyeutoa akiwa amefungua hiyo sheria akaisoma. Wanachanganya mambo mawili, kusimama na kukiri, kisha wanakimbia la kwanza wakidhani wamelikwepa la pili.

Tupige hesabu ya kesi yako. Kurudi kushoto kabla hujamaliza kuipita bajaji ni jambo lenye mjadala. Ungeweza kueleza habari za lori, wangekuuliza kwa nini ulianza kupita bila kuona mbele pametulia, mwenye bajaji naye angeulizwa kwa nini anashushia abiria njiani na si kituoni. Mjadala huo unaweza kwenda huku au kule. Lakini ungekanyaga kama alivyotaka utingo, ungeongeza kosa lisilo na mjadala kabisa: namba ya gari imesomwa, mashahidi wamejaa, umegonga ukaondoka. Hakuna maelezo ya lori yatakayokusaidia hapo. Na tuambizane ukweli, kirikuu yenye magunia ya lumbesa haiwezi kuikimbia bodaboda kutoka Mafiati kwenda popote. Wangekukamata kabla hujafika Kabwe, na hapo karatasi ya daftari ingekuwa ndiyo zawadi ndogo kuliko zote walizokuandalia.

Sheria inakutaka utoe nini baada ya kusimama? Jina lako na unapoishi, jina la mwenye gari na anwani yake, na namba ya gari. Unampa yeyote mwenye sababu ya msingi ya kuvitaka: dereva wa bajaji, mwenye bajaji yake, abiria aliyekuwamo, askari. Wewe ulitoa jina na simu ukaishia hapo. Jina la tajiri hukulitaja, na nahisi najua kwa nini. Siku nyingine litaje. Si siri ya biashara, ni taarifa ambayo sheria inataka itolewe. Namba ya simu peke yake ni kitu chepesi, laini huzimwa. Na kama mtu hakuzichukua taarifa zako kwa sababu yoyote ile, wajibu wako unahamia kituo cha polisi, uripoti mapema iwezekanavyo. Mimi nashauri uripoti hata pale mlipoelewana na kupeana mikono. Maelewano ya barabarani yana tabia ya kubadilika jioni, mwenye chombo anapofika nyumbani na shemeji zake wakamwambia amepunjwa.

Kabla ya yote hayo, toa simu upige picha. Si picha ya mkwaruzo peke yake, mkwaruzo hautoroki. Piga vitu vitakavyoondoka: vyombo vyote viwili vilivyosimama, vikiwa na barabara ndani ya picha, magurudumu yako yapo wapi kulingana na mstari, vipande vya ile indiketa vimeangukia wapi kwenye lami. Vile vipande vinasema mgusano ulitokea sehemu gani kuliko mashahidi kumi. Piga namba za vyombo vyote. Halafu, maadamu hakuna aliyeumia, sogezeni vyombo pembeni. Hiyo ni barabara ya TANZAM, malori ya Zambia na Kongo yanapita hapo usiku na mchana, na hizi kazi za njia nne zimeifanya iwe finyu zaidi. Ukibishana katikati ya njia utasababisha ajali ya pili, na hiyo haitakuwa ya indiketa.

Tuje kwenye karatasi. Hapa ndipo mambo yako yalipoharibika, na tajiri wako angekuwa na busara angekukaripia kwa hili, si kwa kusimama. Sheria ilitaka jina, anwani na namba. Bodaboda walitaka kukiri, kiasi na tarehe. Ukawapa vyote.

Isome tena ile karatasi. "Kwa kosa langu" ni maneno yaliyotolewa na mtu ambaye hakuwapo wakati mnagusana. Shilingi 180,000 imetoka wapi wakati hakuna fundi aliyeiona bajaji? Ijumaa ameichagua nani? Halafu tazama visivyokuwamo. Hakuna namba ya gari, hakuna namba ya bajaji, hakuna mahali wala saa. Hakuna hata neno moja linalosema ukishalipa jambo limekwisha. Unaweza kulipa hiyo laki na themanini, na mwezi ujao akaja na bei ya turubai jipya.

Inakubana? Kidogo. Itatumika kama ushahidi kwamba ulikubali, na hakimu hatafurahi kusikia kwamba mtu mzima alisaini asichokitaka. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa nafasi aliyesaini kwa kulazimishwa ajitoe, lakini atatakiwa kuonyesha kwamba kweli alilazimishwa, na kelele tu za vijana zinaweza zisitoshe. Kwa hiyo mimi nisingekwenda kupigania karatasi. Ningekwenda kuibadilisha.

Mtafute mwenye bajaji leo, si Ijumaa. Nendeni pamoja kwa fundi wa bajaji mnayemkubali wote wawili, atoe bei ya indiketa, kunyoosha bomba na kupiga rangi ule ubavu. Kazi hiyo anaweza kuimaliza siku hiyohiyo, mkaona kiasi kwa macho yenu. Kisha andikeni nyingine mbele ya mjumbe au mtu mnayemheshimu, na ile ya kwanza ichanwe mbele yenu wote. Iwe na maneno ya namna hii: "Jumanne tarehe fulani, saa fulani asubuhi, eneo la Mafiati, gari namba fulani na bajaji namba fulani ziligusana. Hakuna aliyeumia. Bajaji imepata uharibifu ufuatao. Kwa hiari, na bila kuamua nani mwenye kosa, gharama ya fundi ya shilingi kadhaa imelipwa leo, na mwenye bajaji hana dai lingine kuhusu tukio hili." Sahihi za wote, namba za simu, shahidi wa kila upande. Nakala mbili. Huyo utingo wako asiwe shahidi tena. Mtu aliyekuambia ukimbie kisha akakusainia kukiri ndani ya robo saa ana haraka na kila kitu.

Lakini subiri kidogo kabla ya kulipa, maana kuna mwenzetu hajasikika: bima. Mkataba wa bima ya gari kwa kawaida una sharti linalomkataza mwenye gari au dereva wake kukiri kosa au kuahidi malipo bila kampuni kukubali. Ile karatasi yako imelivunja sharti hilo. Kwa uharibifu wa namna hii mdogo wengi humalizana wenyewe, na ni busara, maana kuzungushana na ripoti ya polisi, mchoro wa ajali na barua kunaweza kula siku nyingi kuliko thamani ya indiketa. Ila uamuzi huo ni wa mwenye gari akishaongea na kampuni yake. Usimwamulie barabarani. Na ajue kwamba bima ndogo ni ya kumfidia yule mwingine. Bodi ya kirikuu iliyokwaruzika ni juu yake, labda awe na bima kubwa.

Nisimsingizie tajiri wako, simjui. Lakini mwenye gari anayekasirika kwa sababu dereva wake amesimama, mara nyingi kuna kitu hataki kitazamwe. Siku hizi huna haja ya kumuuliza wala kuchungulia kioo. Mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA, unakuruhusu kuingiza namba ya gari kwenye simu ukaona kama bima yake iko hai. Fanya hivyo usiku huu. Ukikuta imekwisha, usilitoe hilo gari barabarani kesho, viazi vitasubiri.

Mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimkatazi mwajiri kukata fedha kwa hasara uliyosababisha kazini, lakini imemwekea utaratibu. Akuandikie sababu, kiasi na amekipataje. Akupe nafasi ya kupinga. Asikate zaidi ya hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha taslimu. Kuamka na hasira akakata hela yote kwa mwezi mmoja hakumo humo. Mwambie kwa adabu, ukiwa na bei ya fundi mkononi. Akikataa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndiyo mahali pa kupeleka mgogoro wa namna hiyo, lakini jaribu kwanza kumpelekea mtu mzima anayemheshimu. Tajiri wa gari moja mara nyingi naye ana mkopo wa gari hilohilo.

*Habari za kazi Mwalimu. Nina Passo. Jumamosi nilikuwa natoka kwenye maegesho karibu na soko la Mwanjelwa, nikarudi nyuma nikaigusa Noah iliyoegeshwa. Bampa lake la mbele likapata ufa. Mwenyewe hakuwapo. Nilisubiri muda mrefu, nina watoto wawili ndani ya gari, nikamwachia mlinzi namba yangu nikaondoka. Hajanipigia mtu hadi leo. Je, nimemaliza wajibu wangu? – Mama wawili, Forest*

Nzuri, mama. Nia yako ilikuwa njema, lakini bado hujamaliza. Mlinzi si mwenye gari, na hakuna ajuaye kama namba yako imefika au imetumika kuvutia sigara.

Gari kuwa limesimama bila mtu hakukuondolei wajibu wowote. Kinachobadilika ni kwamba hakuna wa kumpa taarifa zako, na pasipo mtu wa kumpa, taarifa zinakwenda polisi. Nenda kituo kilicho karibu na hapo Mwanjelwa, ueleze siku, saa na mahali. Kama uliinakili namba ya Noah, nayo wape; kama hukuinakili, mrudie yule mlinzi, wao hujua magari ya wateja wao wa kila siku kuliko tunavyodhani. Omba tukio liandikwe kwenye kitabu cha kituo na wewe ubaki na namba ya kumbukumbu. Siku mwenye Noah atakapojitokeza na hadithi ya "dereva mwanamke aliyenigonga akakimbia", na wapo wanaopenda sana kuisimulia hivyo, utakuwa na jibu lenye tarehe.

Kwa siku nyingine: andika karatasi yenye jina, simu, namba ya gari lako na maneno mawili ya kilichotokea, uibane chini ya waipa upande wa dereva, maandishi yakiangalia ndani ya kioo. Ukiyageuza nje, mvua ya Mbeya itayafuta kabla ya saa kumi. Piga picha ya karatasi ikiwa pale kwenye kioo. Nyingine mpe mlinzi, nyingine mama anayeuza parachichi hapo pembeni. Mama wa parachichi haondoki mpaka jioni.

*Kamwene Mwalimu. Nakuandikia kutoka Iringa nikiwa sina amani. Wiki mbili zilizopita usiku, nikitokea Iringa kwenda Mafinga, mbele kidogo ya Ifunda nilikutana na bodaboda isiyo na taa. Kioo changu cha pembeni kilimgusa mkono, akayumba akaanguka pembeni ya lami. Nilisimama, nikashusha kioo, nikaona anaamka. Lakini watu walianza kutoka vibandani na mmoja ameshika rungu. Nikaondoa gari. Nilifika Mafinga nikalala, asubuhi nikaona aibu kwenda polisi, siku zikapita. Nimesikia kwamba yule kijana aliteguka mkono tu. Nifanye nini? Na je, sheria inanitaka nisimame hata kama nitauawa? – Mwenye wasiwasi, Iringa*

Kamwene. Nianze na swali la pili kwa sababu ndilo watu wengi wanajificha ndani yake.

Hakuna mtu mwenye akili atakayekutaka ubaki mahali unapopigwa rungu. Nchi hii ina tabia mbaya ya "wananchi wenye hasira", sote tunaijua, na dereva aliyewahi kuona gari likichomwa moto pembeni ya barabara hahitaji kuelezwa. Ukiona hatari ya kweli, ondoka. Lakini ondoka kwenda wapi? Hapo ndipo penye tofauti ya dereva aliyeogopa na dereva aliyekimbia. Aliyeogopa anaendesha moja kwa moja hadi kituo cha polisi cha kwanza anachokijua, anapiga 112 akiwa njiani, anasema nimegonga mtu mahali fulani, nakuja kituoni, tafadhali wahini majeruhi. Aliyekimbia anapita kituo, anafika Mafinga, anaoga, analala. Hofu ya rungu ilikuwa ya kweli kwa dakika tano. Wiki mbili zilizofuata hazikuwa na rungu.

Kukiwa na aliyeumia, mkwaruzo wa kioo unakuwa jambo jingine kabisa. Kusimama ni mwanzo tu. Unatakiwa kumsaidia huyo mtu apate matibabu, na polisi wanatakiwa kujua. Ndiyo maana kuna PF3, ile fomu inayotolewa na polisi kwa ajili ya majeruhi, daktari akaijaza alichokikuta mwilini. Kijana yule wa bodaboda kama alitibiwa bila taarifa yako, basi fomu yake, kama anayo, ina maelezo ya upande mmoja: gari lisilojulikana, lilimgonga likaondoka. Kwamba hakuwa na taa hakuna aliyelisema. Ulikuwa na jambo la kujitetea na ukalizika mwenyewe.

Kuamka kwake pia kusikudanganye. Mtu aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki huamka akasimama, akatembea, akatukana hata, na mbavu zimepasuka. Kumtazama kupitia dirishani usiku si kumpima.

Sasa cha kufanya, na ukifanye wiki hii. Tafuta wakili au hata mzee wa familia mwenye kujua kuongea, mwende kituo cha polisi kinachohusika na eneo la Ifunda. Beba leseni, kadi ya gari na hati ya bima, na ulipeleke gari lenyewe likiwa na kile kioo kama bado hujakibadilisha. Kama umeshakibadilisha, sema umekibadilisha na wapi. Utaandikishwa maelezo. Eleza ulichokiona wewe: giza, pikipiki bila taa, ulisimama, watu walitoka, uliogopa. Usiongeze watu wala marungu. Rungu lilikuwa moja, liache liwe moja. Unaweza kufunguliwa shauri kwa kutosimama na kutoripoti, na sitakudanganya kwamba kwenda mwenyewe kunalifuta. Ila makosa ya namna hii yana dhamana, na askari anayekuandika ukiwa umejileta haandiki kwa kalamu ileile ya aliyekusaka hadi kwa mjomba wako.

Kuhusu kijana, usimfuate kimyakimya nyumbani na bahasha kabla hujafika polisi. Najua unawaza hivyo, barua yako inanusa hivyo. Itaonekana unamnunua anyamaze. Taarifa ikishaingia kituoni, kwenda kumjulia hali na kumlipia matibabu ni uungwana na hakuna atakayekukataza. Nenda na mtu mzima, kama inavyofaa kwa Wahehe mkienda kuomba radhi. Na waarifu bima mapema. Kuumia kwa mtu wa tatu ndiyo hasa sababu ya bima ndogo kuwa ya lazima chini ya Sura ya 169.

*Mwalimu, salaam. Nikiwa na IST yangu maeneo ya Igurusi niligonga ndama aliyekatiza. Alikufa palepale, taa yangu moja ikapasuka na boneti ikakunjika. Wachungaji walikuwa watoto, wakatimka. Nilikaa kidogo nikaondoka. Mimi na mwenye ng'ombe nani amlipe nani? Na kwa mnyama napo kuna kusimama? – Msafiri wa Makambako*

Kuna kusimama, ndiyo. Sheria imetaja na wanyama. Watoto wakikimbia, mwenye mali bado yupo, na katika vijiji vya Usangu kumpata si kazi: ulizia mwenyekiti wa kitongoji, kabla hujamaliza kujieleza utakuwa umeletewa mwenye ndama, baba yake na wanunuzi wa nyama wawili. Kama hukumpata mtu, kituo cha polisi, kama kwa yule mama wa Passo.

Nani amlipe nani hakuna jibu moja. Mwenye mifugo hana ruhusa ya kuiacha izurure barabarani bila mchungaji wa kutosha, na taa yako anaweza kudaiwa. Wewe nawe utaulizwa ulikuwa mwendo gani, na kama palikuwa na alama ya kijiji cha hamsini kwa saa ukapita na tisini, ndama ataanza kuwa wako. Piga picha ya alama hizo unapopiga ya ndama. Bima ndogo haitatengeneza boneti yako kwa hali yoyote.

Umbo la swali lako linanikumbusha jambo moja kwa wanaoshuka Dar. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara yetu hiihii inapita, mnyama si wa mwanakijiji. Kuna mabango yenye orodha ya faini kwa kila mnyama, na mgonga swala akiondoka anaongeza tatizo juu ya tatizo. Simama mahali salama, usishuke ovyo maana aliyegongwa anaweza kuwa na wenzake, kisha toa taarifa kwa askari wa hifadhi.

Na nyama ya ndama, kwa kuwa umeniuliza chini ya barua kwa maandishi madogo: hapana, hukuwa na haki nayo, hata kama ungelipa. Msubiri mwenyewe afike, na kama mtakubaliana ulipie ndama mzima, hilo la nyama liandikwe kwenye karatasi ileile ya malipo.